Bastola Inayovunjika Kiunoni

Baba mpenzi, shikamoo.

Nakupa habari kwanza, maelezo yatafuata, maana wewe hukuwa na subira na mtu wa maneno marefu. Juzi, Idi pili, nimeivunja bastola mbele ya Ammi Nasor, ndani ya sabla yake mwenyewe kule Ibra, wanaume wamekaa ukuta kwa ukuta. Nimeivunja kiunoni kama ulivyokuwa ukisema, na haikuharibika. Umeshinda, baba. Umechelewa kidogo, mwaka wa sita huu umo kaburini, lakini umeshinda.

Hadithi ya bastola ya babu niliijua kabla sijajua kusoma. Babu aliachiwa na afisa mmoja wa Kiingereza aliyekuwa akirudi kwao baada ya vita. Akiiweka ndani ya kasha la nguo, imeviringwa katika kikoi kikuukuu, na haikutoka ila siku ya Idi. Akishasali na akishakula, anaitandikia kitambaa mezani, anabonyeza kifungo kwa dole gumba, na bastola inavunjika kiunoni. Mtutu unainama chini, na katikati kinapanda kitu mfano wa nyota, kimezibeba risasi zote sita kwa pamoja. Ukifika hapo, wewe ulikuwa ukichukua stepla uliyokuja nayo kutoka ofisini kwako Jalan, unaipanua mdomo na kusema, "Hivi. Tak." Mama akiichukia stepla ile, kwa kuwa ilikuwa ikimwaga pini kwenye zulia.

Ulipenda kutueleza na pete. Chini ya kitako, ulisema, kuna pete ya chuma ya kutilia kamba, ili askari akianguka na farasi wake, bastola isimwache aanguke peke yake. Ukicheka mwenyewe kabla yetu.

Mwaka ule mambo yalipochafuka Unguja, babu aliitupa kisimani kwa mkono wake, kabla watu hawajaja kupekua nyumba. Hapakuwa na picha wala karatasi. Urithi wako wote ulikuja nao Oman mdomoni.

Na mdomo ndio uliokuponza. Ulifika Ibra kijana wa miaka ishirini, Kiarabu chako cha msahafu na cha kuombea maji. Wakakukaribisha katika sabla, pale wanaume wanapokutana kunywa kahawa, na siku hiyo kila mmoja alikuwa akisifia bunduki ya babake. Zamu yako ilipofika ukasema: musaddas, bastola, ya baba yangu, yinkisir. Wewe ulikuwa umekwenda na Kiswahili chetu, inavunjika, ukalitafuta neno la Kiarabu lililo karibu ukalitia hapo. Wao walisikia Kiarabu chao: imekatika vipande, imekufa. Ammi Nasor, binamu yako, ndiye aliyecheka wa kwanza, na ndiye aliyekupa jina kabla finjani haijamaliza mzunguko. Bu Maksur. Baba wa kilichovunjika. Ukajaribu kueleza, na kila ulivyoeleza ndivyo ulivyozidi kuivunja.

Jina likashika. Mtu akileta habari isiyoingia akilini, watu wakisema hiyo ni bastola ya Bu Maksur. Likakufuata dukani, likakufuata msikitini, na mimi likanifuata shuleni. Wewe ulikuwa ukiitika na kutabasamu. Mimi sikuwa na tabasamu lako.

Sasa nifike kwenye langu, ambalo sijawahi kulisema. Nilikuwa na miaka kumi na tano. Wenzangu watatu wa darasani walikuja kusoma nyumbani, ukawaletea sambusa, ukakaa, ukaanza hadithi. Stepla ilikuwa mkononi. Ulikuwa umeshapita kwenye nyota na risasi sita, ukasema, "Halafu babu akinambia..." Nikakukata. Nikakwambia kwa Kiarabu, ili wote wasikie, "Baba, basi. Hakuna bastola inayovunjika. Watu wanatucheka." Uliifunga stepla. Ukasema, "Haya mwanangu, someni," ukatoka. Hukuisimulia tena hadithi ile nyumbani kwetu mpaka unakufa. Mimi nilikuvunjia heshima ndani ya nyumba yako, na msamaha sikukuomba. Nilikuwa nangoja siku nzuri, na siku nzuri haikuja.

Basi sikiliza. Mwezi uliopita, Ijumaa asubuhi, nilikwenda soko la Nizwa kutafuta birika la kahawa, la mama limeota tundu. Nikapita kwa muuza majambia na bunduki za kale. Ndani ya kabati lake la kioo, katikati ya majambia, nikaona pete. Pete ndogo ya chuma, inaning'inia chini ya kitako cha bastola. Nilisimama pale pale, watu wananipiga vikumbo, na birika nikalisahau.

Muuzaji akaitoa. Si ya kale, alinambia bila kuficha. Ni mpya, imetengenezwa kiwandani kwa kuiga zile za maafisa wa Kiingereza wa zamani, ya pambo tu. Mtutu upo, kilimi cha kufyatulia kipo, mtambo wa kuvuta kwa nyuma upo, na risasi zake sita ni shaba tupu zisizo na baruti. Haiui hata inzi. Nikaishika. Ilikuwa nzito kuliko nilivyotarajia, na kwa mara ya kwanza nikafahamu kwa nini babu aliiwekea kitambaa mezani.

Nikamuuliza, "Yinkisir?"

Yule bwana akakunja uso. "La, ya ukhti. Chuma kitupu hiki. Changu hakivunjiki."

Baba, nilicheka mpaka machozi yakanitoka, na machozi mengine hayakuwa ya kicheko. Mimi niliyezaliwa Ibra, niliyesoma Kiarabu tangu chekechea, mwalimu wa hesabu ambaye wazazi wanamuogopa, nimeteleza palepale ulipoteleza wewe. Ulimi ukikimbilia nyumbani hauulizi njia. Nikajirekebisha: "Yinfatih?" Inafunguka? Uso wake ukakunjuka. "Aaa, yinfatih, na'am." Akabonyeza kifungo kwa dole gumba. Tak. Mtutu ukainama, nyota ikapanda, risasi sita zikasimama.

Nikainunua. Usitie wasiwasi, karatasi zake ninazo, na polisi nilikwenda kuwauliza kabla sijaileta nyumbani. Unanijua, sipendi jambo lenye mkia.

Nilimpelekea mama kwanza. Macho yake sasa hayaoni vizuri, basi nikamtia mkononi. Akaipapasa kuanzia mtutuni mpaka kwenye kitako, kidole chake kikaingia ndani ya pete, kikabaki humo.

"Ndiyo ile pete ya farasi?"

"Ndiyo, mama."

"Utaipeleka Ibra?"

"Nitaipeleka."

"Basi usimtie mtu aibu siku ya Idi. Nasor mtu mzima sasa. Wape ukweli na kahawa yake."

Nikamwitikia, ingawa moyoni, nisikufiche, nilikuwa nimejiandaa kumwagia mtu aibu ndoo nzima.

Umri wangu sasa unaniruhusu, mwanamke mimi, kuingia sabla. Mle ndani wengi wananiita amma, shangazi yao, na baadhi yao niliwafundisha kabla sijahamia Nizwa. Nyama ya shuwa ilikuwa imeshaliwa, mikono imeshanawiwa, kahawa inazunguka. Ammi Nasor alikuwa amekaa mahali pake, amekonda, fimbo iko ubavuni. Kiswahili chake alikichuma kwa mkewe, bibi wa Unguja, na mpaka leo hakijawiva.

"Bint Bu Maksur," akasema. "Idi njema. Umeleta nini sisi? Halwa ya Nizwa?"

"Nimeleta bastola ya babu, ammi."

Sabla nzima ikavunjika mbavu. Mzee mmoja alilazimika kuweka finjani chini. Niliwaacha wacheke wamalize, nikafungua kisanduku, nikamuwekea mapajani.

Ammi Nasor mambo ya silaha anayajua. Aliipima kwa mkono, akachungulia mtutuni, akavuta mtambo na kuurudisha taratibu. "Kitu mzuri hii," akasema. "Inglizi. Lakini jadid."

"Mpya, ammi. Imeigwa ile ya kale. Ivunje."

"Astaghfirullah. Kitu ya watu navunja kwa nini?"

"Ivunje tu, ammi."

Akatikisa kichwa, akanirudishia. Nikainyanyua waione wote, nikatia dole gumba kwenye kifungo. Tak. Ikavunjika kiunoni, nyota ikapanda, risasi zikasimama sita. Hakucheka mtu. Aliyekuwa akizungusha kahawa alisimama na birika lake hewani. Watu husema njia ya mwongo fupi. Yako ilikuwa na miaka hamsini, baba, na niliitazama ikifika.

Ammi Nasor akanyoosha kidole, akaigusa ile nyota. "Yinkisir," akasema, kama mtu anayejisemea. Kisha akanitazama. "Lakini hii si yinkisir, ya binti. Hii yinfatih."

"Kwenu inafunguka, ammi. Kwetu inavunjika. Sisi tunavunja hata baraza, watu wakaenda zao, na mikeka ikabaki mizima. Baba hakusema uongo hata siku moja. Alikuwa akisema Kiswahili kwa maneno ya Kiarabu."

Pale ndipo nilipokuwa nimepanga kumaliza. Nilikuwa na maneno mengine matatu, makali, nimeyanoa njia nzima kutoka Nizwa. Sikuyatoa, kwa sababu mzee alinyanyua mkono akawaita waliokuwa nje waingie, kisha akaanza kuwasimulia kwa Kiarabu chake cha Sharqiyah. Akawaambia habari za afisa aliyekuwa akirudi kwao. Kasha, kikoi, kitambaa cha mezani. Pete, kamba, farasi. Akakitaja kila kitu kwa mpango wake, na mimi nilikuwa najua neno linalofuata kila mara, mpaka akafika kwenye nyota na risasi sita. Nikangoja anyamaze, maana hadithi yangu mimi inaishia hapo. Nilikuwa nimeikata kwa mkono wangu.

Yeye akaendelea. "Halafu babake akimwambia: kuvunja nimevunja mimi, kufunga ni kwako. Na mtoto anaifunga, mikono miwili. Kila Idi ni yeye. Hata siku ya kisima, mzee aliivunja akatoa risasi, akampa mtoto aifunge, ndipo akaitupa."

Nilikuwa sijui, baba. Nilikaa miaka yote hii na hadithi isiyo na mwisho, na mwisho wake umo sabla ya Ibra, kwa mtu niliyekuwa nikimwekea kinyongo.

"Ammi," nikamuuliza kwa Kiarabu, "haya umeyapata wapi?"

"Kwake." Akaonyesha kwa fimbo mahali karibu na mlango. "Alikaa pale. Sisi tulicheka, wallahi tulicheka. Lakini mimi nilisikiliza mpaka mwisho."

Hakunikusudia, hajui lolote la siku ile ya sambusa. Lakini lilinipata. Mtu aliyekucheka alikusikiliza, na mwanao aliyekupenda akakukata neno.

Kisha akaishika ile bastola, iko wazi vile vile, akanipa. "Funga wewe," akasema. "Wewe wa Bu Maksur." Na hilo jina, baba, nimelisikia likitoka midomo mingi, kwa kejeli, kwa mzaha, kwa mazoea. Juzi lilitoka kwake kama anavyotaja jina la babake. Nikaifunga. Mikono miwili. Ikalia tak yake ya pili, na sabla nzima ikasema Allah yirhamo, Mungu akurehemu, sauti moja.

Mpaka jioni walikuwa wakiivunja kwa zamu. Kila aliyeingia kutoa mkono wa Idi alikamatwa akaonyeshwa, na Ammi Nasor akawa anamsimulia upya, anagomba ukikosea hata rangi ya kikoi, ambayo mimi sikuijua na yeye anaijua. Ameshatoa amri Idi ijayo irudi. Mama nilimpigia simu tukiwa bado pale. Aliposikia vicheko nyuma yangu aliuliza wanamcheka nani, nikamwambia safari hii hawamcheki mtu, wanafurahi tu. Akasema, "Alhamdulillahi," akakata simu bila kuaga, na mama si mtu wa kukata simu bila kuaga.

Nisamehe kwa siku ile. Naliandika wazi, asome atakayesoma, kwa kuwa nilikuvunjia heshima mbele ya watu. Bastola iko kwangu Nizwa, ndani ya kabati la kioo sebuleni, juu ya kikoi, na kikoi ni chekundu, Ammi Nasor amehakikisha. Ubavuni mwake nimeiweka stepla yako. Mama aliyeichukia ndiye aliyeitunza. Ungeingia sasa hivi ungeanza na stepla, ninakujua.

Pumzika kwa raha zako, mkweli wangu. Hadithi yako imefika mwisho, na kufunga nimefunga mimi.

Mwanao,
Bint Bu Maksur