Presha ya Jiko Kivukoni Kamanga

Mjukuu wangu Masanja,

Mimi bibi yako sijambo, baba yako hajambo, na shangazi yako Kabula na mapacha wake wanakusalimia kutoka Misungwi.

Umesema ukikanyaga mafuta presha ya turbo, ile inayosukuma hewa kwenye injini ya gari lako, inaruka kupita kiasi. Fundi anataka kuishusha, wewe hutaki, eti gari la rafiki yako litakupita. Unauliza kama mimi niliwahi kuona wivu namna hiyo.

Niliona, baba. Kivukoni Kamanga niliuza chai jirani na Mama Neema. Jiko lake la mafuta ya taa la kupampu lilichemsha kabla ya langu, wateja wote wakawa wake. Siku moja nikapampu langu kwa hasira mpaka moto ukaruka, ukaniunguza nyusi. Aliyekimbia kulegeza skrubu ya kutoa upepo ni yeye.

"Ungeniuliza tu, dada," akasema. "Presha ikizidi, moto unaruka, hauchemshi. Mimi langu huwa nalipunguza upepo."

Wivu haukuisha. Hata leo nikivuka, macho yangu yanatangulia kwenye sufuria yake. Lakini nyusi ziliota tena. Wewe huoti tena, Masanja.

Mwache fundi aishushe, kisha uniandikie upesi, maana simu ikilia nashtuka.

Bibi yako