Chakula Ambacho Hakijaombewa

Mama,

Nakuandikia nikiwa kwenye meza yako ya chakula, hapa Kinyerezi. Nilihamia huku matanga yalipoisha na ndugu kurudi Njombe. Baba yuko nje anafukuza kuku wa jirani. Nyumba ni ileile. Kilichopungua ni sauti yako.

Hukuwa na saa maalumu ya kuomba. Uliomba ukichambua mchele, ukikoroga mboga, hata ukiwa kwenye simu. Ulikuwa unanipigia kazini: "Mwanangu, ukipita sokoni chukua vitunguu, Bwana mlinde huyu mtoto barabarani, na nyanya zisiwe mbichi." King'ora cha gari la wagonjwa kikipita, ulikatisha umbea, ukasema, "Bwana, mshike huyo," kisha ukaendelea na umbea palepale ulipoishia. Jirani yetu Mama Zuhura alikutania, "Sie Waislamu tuna swala tano. Huyu Mama Tumaini hana hesabu, kila saa yumo tu." Ulicheka, ukamwombea na yeye.

Sasa nikupe yaliyotokea.

Tulipobaki wawili, Baba aliacha kula. Hakukataa. Alinawa, akakaa, akaweka mikono magotini, akaitazama sahani mpaka wali ukapoa. Nikimwambia ale, anasema, "Nakuja," ilhali ameshakaa. Mwisho anakula matonge mawili ya kuniridhisha, ananyanyuka. Na unaijua sukari yake. Anameza dawa, tumbo tupu, anaanza kutetemeka na kutoka jasho. Siku moja alianguka koridoni. Daktari hakuzungusha maneno: mzee akiendelea hivi, tutampoteza.

Nikaanza kutafuta sababu, maana ndiyo kazi yangu ya uandishi wa habari. Nilidhani ni mapishi yangu, nikabadilisha. Ndizi, ugali, samaki, ikawa vilevile. Nikadhani ni majonzi, nikamwita mchungaji. Siku hiyo mchungaji alikula na sisi, na Baba akamaliza sahani. Nikashukuru maneno ya faraja. Kesho yake chakula kikapoa tena.

Mama Zuhura ndiye aliyeliona. Alileta bakuli la mihogo ya nazi, nikampa shikamoo, akaketi. Akamtazama Baba, kisha akanivuta jikoni.

"Tumaini, kwani nyie siku hizi mnakula bila kuomba?"

Nikamwambia kila mtu anaomba kimoyomoyo.

"Baba yako hajawahi. Miaka yote nakuja hapa, mama yako anaomba, mzee anaitikia Amina. Sasa leo aanzie wapi? Nenda kaombe, mihogo inapoa."

Mama, sikuwa nimeomba kwa sauti tangu kipaimara. Nilirudi mezani, nikafumba macho. Nikasema: "Mungu, leo ni Jumanne. Tuko Kinyerezi. Mezani kuna mihogo ya nazi. Waliopo ni Baba na mimi." Nikaishia hapo. Sikuwa na kingine nilichokuwa na uhakika nacho.

Baba alifumbua jicho moja. "Hiyo ni taarifa ya habari. Hayo yote anayaona. Mwombe kitu."

"Bwana," nikasema, "naomba Baba ale."

"Amina!" Akavuta bakuli.

Ungemwona anavyokula, Mama. Nilitoka nje kidogo.

Likizo yangu ilipoisha, tukaweka utaratibu. Mchana Mama Zuhura anampelekea chakula, Baba ananipigia na kuilaza simu mezani, sauti yote juu, nami naomba nikiwa popote nilipo. Mara nyingi ni korido ya mahakama. Wenzangu hawakunionea huruma. "Braza, chanzo gani hicho unakibembeleza hivyo? Na mwisho unakiambia amina?" Siku hizi mmoja wao, simu ikiita, hunishikia begi.

Jambo moja sikulitegemea. Mdomo ukishazoea, hauombi ruhusa. Juzi nilikuwa Ukonga, karandinga la mahabusu likanipita likielekea gerezani. Nikasema, "Bwana, washike hao," kisha nikarudi kwenye habari niliyokuwa naandika. Sidai kwamba nimepata jibu lolote kutoka juu. Nakueleza nilichokisikia kikitoka kinywani mwangu, na kwamba hakikunishangaza mpaka baadaye.

Jumamosi nilitumwa Madale. Kilima kilikuwa kimeporomokea nyumba, na mvua ikakata barabara nikiwa bado kule. Mtandao hakuna. Saa ya chakula ikapita. Mama Zuhura alikuwa harusini Mbagala. Alikuwa ameacha chakula mezani tangu asubuhi. Nilijua Baba ameshameza dawa. Niliweza kumwona, mikono magotini, simu mbele yake, anapiga na hanipati. Nikavua viatu, nikapanda kilima kwenye tope nikitafuta mnara. Nilikuwa naomba kwa sauti, tena si vizuri. Nilikuwa narudia neno moja tu, "Bwana, Bwana," na watu waliokuwa wakichota matope ndani ya nyumba zao walisimama kunitazama. Mama mmoja akaitikia, "Amina, baba," bila kujua naomba nini.

Juu simu ikashika.

"Baba, umekula?"

"Nimekula."

"Nani kaomba?"

Nikasikia anatafuna.

"Mie. Kwani humu ndani kuna nani mwingine?"

"Umeomba nini?"

"We Tumaini, hiyo haiandikwi gazetini."

Kazi hii imenifundisha kutoondoka bila swali la pili. Pale niliondoka. Alichomwambia Mungu sijui mpaka leo, na sitamuuliza. Nilikaa juu ya jiwe mvua ikininyeshea, kisha nikashuka kuwasaidia wale watu kuchota matope.

Basi nakuaga, Mama. Kesho Baba ana kliniki. Nakuahidi nitaomba kabla ya uji, na njiani, na kwenye foleni ya dawa, kwa sauti, watakaonishangaa wanishangae. Na siku akitaka kuomba yeye, nitanyamaza nimwitikie.

Lala salama.

Mwanao,
Tumaini