Mama, Walifagia Ufukwe

Mama,

Nilijiapiza kwamba sitakuandikia mpaka nipate habari njema, kwa sababu wewe hukupenda kabisa watu wa kulalamika. Basi kaa vizuri nikusimulie. Habari ni njema, ila imepitia mlango wa nyuma.

Tangu utuache, theluji ikiwa bado juu ya paa, nyumba yetu ya North Buffalo imekuwa kubwa mno. Watoto wananijibu kwa Kiingereza na hakuna wa kuwakaripia. Mjukuu wako Gloria ndiye analalia mto wako siku hizi, na ukimuuliza anasema ni kwa sababu ya shingo. Mimi bado nasonga ugali wa watu wengi kila Jumapili, halafu nabaki nimeshika mwiko. Nakukosa, Mama. Nimelisema mapema ili lisije likanikatiza katikati.

Unakumbuka ulivyoichukia kazi yangu? Kule Louisville, nilipokuwa nafunga maboksi kwenye ghala la Jeffersontown, ulijivunia hata kile kitambulisho changu cha shingoni. Tulipohamia huku nikaenda kujifunza kulinda kingo za ziwa kwa mimea, ulisema: "Bon, Neema. Batu bote banakata majani, weye unalipiwa kuyapanda?"

Nilikueleza kwamba Ziwa Erie linakula viwanja vya watu kidogo kidogo. Kwamba wenye nyumba wakijenga kuta za zege, wimbi likigonga hurudi na hasira zaidi, likachimba chini ya ukuta na kwa jirani pia. Kwamba nyasi za asili zina mizizi mirefu inayokamata udongo, na hata magogo yanayoletwa na maji yana kazi, yanalivunja nguvu wimbi kabla halijafika. Ulinisikiliza hadi mwisho, ukaniuliza kama humo kwenye nyasi hakuna nyoka.

Ulipoondoka nilikuwa nimebakiza hatua moja, ya kuruhusiwa kufundisha wengine. Unawajua wanaume wa kanisani kwetu wanaofanya kazi kwenye kampuni za bustani. Wanasukuma mashine za kukata nyasi kiangazi chote, na kozi hii ingewainua, lakini Kiingereza cha darasani kiliwashinda. Wenye chuo walikubali liwepo darasa la Kiswahili, ila kwa sharti kwamba mimi nipite kwanza. Nisipopita, darasa hakuna, na mimi narudi kwenye maboksi. Mdogo wangu Bahati alishanitengea chumba kwake Linden, kule Columbus. Kila Jumapili alipiga simu: "Kuja, yaya. Huku warehouse iko, na majani haiko." Anamsihi dada yake mkubwa kwa upendo, namjua. Lakini nilikuwa nimeshaanza kutazama masanduku.

Mtihani wenyewe ulikuwa hivi. Mkaguzi angekuja Jumatatu kwenye ukingo ulio chini ya nyumba ya mama mmoja mjane, ukingo ambao mimi na darasa langu tuliupanda mwaka jana, anione nikikifundisha kikundi kidogo hapohapo. Kikundi ni wanaume hao wa kanisani, ambao nilishaanza kuwaonyesha namna ya kupanda, na mbele yao Papa Zakayo, mzee yule aliyeshika jeneza lako upande wa kichwa na kukataa kupokezana.

Jumamosi, bila kuniambia, walifanya salongo.

Wewe unaijua salongo. Mgeni mkubwa anakuja, basi watu wanaamka na majembe yao, na mpaka saa sita mtaa mzima unang'aa. Walimwomba ruhusa yule mjane kwa ishara za mikono, naye akadhani ni sehemu ya mafunzo, akawatengenezea na kahawa. Mwezi wa nne huku, Mama, kila kitu kinaonekana kimekufa. Nyasi zimesimama kavu, rangi ya kamba kuukuu, na vijiti vya mierebi tulivyovichomeka ardhini ili viote havina hata jani. Walizikata nyasi mpaka chini. Walikokota magogo yote ya ufukweni wakayapanga vizuri kando ya uzio, kama kuni. Vijiti waliving'oa, maana nani anaacha vijiti vikavu vimetapakaa mgeni akija? Kisha wakafagia. Mama, walifagia ufukwe wa Ziwa Erie kwa mafagio.

Papa Zakayo alinitumia picha kwenye simu, wote wamesimama mstari, wanatabasamu. "Mwalimu, angalia! Mukaguzi hataona hata jani moja."

Nilikaa sakafuni jikoni. Nililia kwanza, kisha kicheko kikanishika mpaka Gloria akaja kuniangalia, kwa sababu nilikuona wewe ukiwa katikati ya mstari ule. Wewe ungekuwa kiongozi wao. Wewe uliyeng'oa kila kilichoota karibu na ukuta wetu, pamoja na maua niliyoyanunua.

Jumapili baada ya ibada tulikwenda wote, mabuti chini na suti juu. Sikuwakaripia. Niliwaonyesha shimo moja tu palipong'olewa kijiti, jinsi mchanga ulivyokuwa umeshaanza kumiminika kutoka humo, wakaelewa bila maneno mengi. Magogo yalirudi ufukweni yalikotoka. Vijiti, bahati nzuri, yule mjane alikuwa amevisimamisha kwenye ndoo ya maji bila kujua kwa nini, tukavirudisha vikiwa bado hai. Mizizi ya nyasi ilikuwa salama chini. Lakini ukingo ulikuwa umenyolewa, na nywele hazioti kwa usiku mmoja.

Jumatatu mkaguzi akaja. Alitazama, akanitazama, halafu hakuniuliza mimi. Aliwageukia wao akauliza ni nini kimetokea hapa, na mimi nikatakiwa nitafsiri. Papa Zakayo akavua kofia, akakiri kwamba ni wao: "Siye njo tulifagia. Ku kwetu mugeni akikuya, unasafisha. Mwalimu alitufundisha ya kupanda. Ya kuacha, hakutufundisha."

Pale hapakuwa na mtu mwingine wa lugha zote mbili. Sentensi ile ya mwisho ningeweza kuimeza, au kuitia sukari, na mkaguzi asingejua. Nikaiona Linden, nikayaona maboksi. Lakini Papa Zakayo alikuwa amesema kweli akiwa kichwa wazi kwenye upepo ule, na mtu mzima hachakachuliwi maneno yake. Nikatafsiri yote, mpaka "hakutufundisha."

Mkaguzi akamuuliza sasa angefanyaje. Papa Zakayo akapiga magoti na suruali yake safi, akafukua kidogo kwa vidole, akaonyesha mizizi ilivyoshikana, akasema hawa wako kazini, tuwaache wafanye kazi. Nikatafsiri hilo pia. Mkaguzi akaandika, akashukuru, akaondoka bila kucheka wala kununa.

Kungoja kulinimaliza. Siku moja upepo wa ziwani ulivuma vibaya, nikaendesha gari hadi kule nikiomba njia nzima. Mahali pamoja palipong'olewa vijiti palikuwa pamebomoka, upana wa beseni la kufulia. Kwingine kote udongo ulikuwa umekaa. Nikasimama pale nimelowa, nikijipigia makofi kama mwendawazimu.

Jana wamenijulisha. Nimepita, Mama. Wamesema mwalimu anayeficha makosa yake wangemwogopa, lakini mimi niliyatafsiri yangu mwenyewe. Na wamenipa sharti: somo la kwanza liwe juu ya vitu vya kutogusa. Vijiti vyenyewe vimetoa majani, isipokuwa vichache. Bahati nilipompigia alipiga kelele mpaka majirani wake wakagonga ukuta: "Bon! Ukae na majani yako!" Chumba cha Linden ameshampa kijana wa kwaya.

Nimefurahi. Naliandika hivyohivyo, halina haja ya mapambo. Kinachoniuma ni kwamba uliondoka ukiwa bado na wasiwasi juu yangu, na sikuwahi kukuonyesha lolote la kuutuliza. Ulikuwa ukiniombea kazi kila asubuhi kwa sauti ya chini, ukidhani nimelala. Nilikuwa nasikia.

Sasa niage. Tangu uondoke nimekuwa nikikuita kila ninapokwama, njiani, bafuni, mpaka katikati ya mtihani. Naahidi nitapunguza. Nitakwama pamoja na wanafunzi wangu, na tutajikwamua pamoja. Wewe umefanya kazi ya kutosha.

Pumzika, Mama. Acha kuniombea kazi. Mimi kesho asubuhi naingia darasani.

Mwanao,
Neema