Mstari wa Tatu wa Korongo

Jumatatu, 3 Machi 2025

Chai, kiazi, redio. Kama kawaida. Waya wa antena ulikuwa umeanguka tena, kuku wa Mama Odilia wanaulalia. Nimeurudisha kwenye msumari wake. Mama Odilia, mke wangu, anasema naipenda redio kuliko yeye. Si kweli. Ila redio naweza kuizima.

Saa nne kikaanza kile kipindi cha matangazo ya zamani. Watu wanapiga simu, wanaimba nyimbo za biashara za enzi zetu. Mama mmoja wa hapa hapa mtaani kwetu Ilembo, Mpanda, kaimba la betri. Mwingine la dawa ya minyoo, naye kakosea, kaanzia kwenye kiitikio. Nimemsahihisha kwa sauti kubwa. Hakusikia, lakini kuku wamesikia.

Halafu mtangazaji, binti mwenye sauti ya mtu anayemung'unya pipi, kauliza: nani anaikumbuka sabuni ya Korongo?

Simu zikamiminika. Wa kwanza kaimba mstari wa kwanza, wa pili, kufika wa tatu kaimba uchafu. Binti kacheka mpaka kakohoa. Aliyefuata, uchafu uleule. Aliyefuata tena, mama mtu mzima kabisa, uchafu uleule na madoido juu.

Nimezima redio. Kiazi nimewatupia kuku. Leo sijatania mtu hata mmoja. Mama Odilia kanishika paji la uso kuona kama nina homa.

Jumanne, 4 Machi

Niandike, maana hapa hakuna anayesoma. Mke wangu anasema mwandiko wangu ni nyayo za kuku.

Wimbo wa Korongo tuliuimba sisi. Mimi na Desderi. Landrova ya kampuni, spika mbili juu ya paa, Desderi dereva na sauti ya pili, mimi mgawa sabuni na sauti ya kwanza. Kaseti ilishaliwa na vumbi, ikabidi tuimbe wenyewe kwenye kipaza sauti. Mpimbwe yote, Kabungu, mpaka ziwani. Watoto wakikimbia nyuma yetu, na mama zao nyuma ya watoto. Baadaye wimbo ukachukuliwa redioni. Nikisema ni sauti yangu, watu wananiambia nikalale.

Desderi ni Mfipa, mimi Mkonongo. Watani tokea kwa babu zetu. Ameshanitukana mpaka sina tusi jipya la kusikia.

Leo mchana kapiga simu Skolastika, binti yake, kutoka Kabungu. Baba mdogo, anasema, hali ya baba si nzuri. Miguu imevimba, moyo umechoka, daktari karuhusu arudi nyumbani. Halafu anasema: "Baba anauliza, yule mlamba asali ameshafanya mazoezi?"

Mlamba asali ni mimi, Wakonongo ndivyo tunavyotaniwa. Nilijua anauliza nini. Tuliahidiana zamani, kwenye pombe lakini kwa akili timamu: atakayetangulia, mwenzake atasimama kaburini aimbe Korongo. Mistari yote minne, maneno yenyewe, wafiwa wapende wasipende. Mtani akiahidi jambo la msiba hana pa kutokea. Asipotimiza, marehemu anaondoka kama mtu aliyeishi bila mtani. Wajukuu watasemwa.

Nimekwenda nyuma ya choo kufanya mazoezi.

Korongo, Korongo, povu la maziwa,
Doa la mawese laona kuzidiwa,

Hapo nikasimama. Wa tatu haupo. Unakuja ule mwingine tu:

Meneja kajamba, dereva kasingiziwa,

halafu wa nne:

Korongo, nguo yajua kufuliwa.

Nimejaribu mara ishirini. Mara ishirini meneja kajamba.

Jumatano ya Majivu, 5 Machi

Nimeulizia mji mzima.

Mama Odilia: meneja kajamba. Tena alisema bila kuacha kupepeta mchele. Fundi cherehani wa barabarani: meneja kajamba. Muuza dagaa sokoni: kajamba, na akaniuliza kama nina haya na uzee wangu. Jirani yangu Nyandwi alikuja nchi hii mtoto kutoka Burundi, akakulia kwenye makazi ya wakimbizi ya Katumba, na Kiswahili alijifunza kwa matangazo ya redio. Kwake sabuni ilikuja kabla ya salamu. Nikajua huyu ndiye, huyu alijifunza vizuri. Akafumba macho, akaimba polepole, kwa heshima kabisa, kama Baba Yetu. Meneja kajamba.

Hawana kosa. Wote wamejifunza kwa mwalimu mmoja, na mwalimu ni mimi.

Nilipopakwa majivu kanisani nikaomba kitubio. Padri ni kijana, ndevu bado zinajiuliza. Nikamwambia yote. Kwamba ule mstari niliutunga mimi, kumcheka meneja wetu, mtu wa tumbo. Nilikuwa namwimbia Desderi njiani, kipaza kikiwa kimezimwa. Siku moja Kapalamsenga, pwani ya ziwa imejaa watu, meneja kakaa mbele ndani ya gari, Desderi kaenda kuchota maji ya rejeta. Nikauimba peke yangu nyuma ya gari, kwenye maboksi ya sabuni. Kipaza kilikuwa wazi. Ziwa lote likasikia, nadhani na ng'ambo Kongo.

Meneja katoka mwekundu kama mawese. Nani? Spika zilikuwa zinakoroma, sauti haitambuliki. Nikasema mimi nilikuwa nahesabu sabuni. Waimbaji tulikuwa wawili tu. Akafanya hesabu.

Desderi alifukuzwa palepale, ndoo ya maji mkononi. Alirudi Mpanda juu ya lori la samaki. Na mimi nikamwambia ni mlevi mmoja wa pale pwani alinyakua kipaza, akaimba, akakimbia. Akaniamini. Nani asingemwamini mtani wake.

Watu wa pwani ndio waliousambaza mstari. Ukaushinda wa kampuni.

Padri aliziba uso kwa viganja. Nikadhani analia. Alikuwa anajizuia kucheka, shetani yule. Halafu akasema: "Mzee, Mungu nitamwomba mimi. Lakini huyu wa Kabungu hajafa. Mfuate."

Natoka kanisani namsikia ndani anaimba puani. Mstari wa tatu.

Alhamisi, 6 Machi

Mvua. Sikwenda.

Uongo. Mvua iliisha saa tatu.

Nimetengeneza kiti ambacho hakijavunjika. Nimemgombeza kuku. Mama Odilia kasema, "Baba Odilia, kama una safari nenda, unaninyima hata pa kufagia."

Kinachonikera si kufukuzwa kwake. Watu wanafukuzwa kazi kila siku. Kinachonikera ni yule mlevi. Desderi hajawahi kunywa kikombe cha pombe bila kumlaani kwanza. Anamwaga tone chini, anasema: yule mlevi wa Kapalamsenga, meno yamtoke, ng'ombe wake wafe, watoto wake wamcheke. Na mimi namgongea kikombe. Kila sikukuu, kila mavuno, kila arusi. Namgongea na kusema, na wamcheke kabisa.

Mimi ni mtu mbaya. Nimeandika. Sasa linaonekana kwa wino.

Ijumaa, 7 Machi

Kabungu. Bodaboda, tope mpaka magotini, kijana wa boda ananiambia mzee shikilia, namwambia nimeshikilia tangu enzi za mkoloni.

Desderi yuko kitandani karibu na dirisha. Amekonda uso, amenenepa miguu. Kaniona tu: "Ah, mlamba asali. Umekuja kupima kaburi?"

Nikamwambia nimekuja kuona kama mla ulezi ana kitu cha kurithisha. Tukacheka. Skolastika akaleta uji. Nikawa na nafasi tatu za kusema, nikazila zote pamoja na uji.

Akasema niimbe kidogo asikie kama koo lipo. Nikaimba mistari miwili nikakwama. Akaningoja. Nikasema, Desderi, hakukuwa na mlevi.

  Nilimwona anarudi nyuma mwaka mmoja mmoja, mpaka ufukweni, mpaka kwenye ndoo.

 Jogoo aliingia, akatazama, akatoka.

Akasema: "Sasa mimi nimekuwa namlaani nani?"

 Akanitazama mdomoni, pale ambapo meno yalikuwa. "Na ng'ombe wako wale wawili?" Nikasema walikufa, unajua. "Na Odilia anakucheka." Ananicheka, nikasema, kila akipiga simu.

Nilidhani hapo atacheka. Hakucheka. Alisema polepole, bila utani, mimi sijawahi kumsikia anaongea bila utani: "Nililipenda lile gari. Nilikuwa dereva. Angalia mikono yangu." Mikono ya jembe. Kucha zimepasuka.

Halafu: "Usinizike. Nitapata mtani mwingine. Wakonongo hamjaisha."

Akageukia ukuta. Skolastika kanisindikiza mpaka barabarani na hajaniuliza kitu. Hilo limeniuma kuliko yote.

Jumamosi, 8 Machi

Sijala. Sina hamu. Mama Odilia nimemwambia yote. Alisikiliza mpaka mwisho akasema, "Na mimi ulinichumbia kwa sabuni za wizi?"

Zilikuwa sampuli.

Amecheka, halafu akasema maskini Desderi. Aliongeza kwamba mtu akizuiwa kuzika mtani wake, hata yeye siku yake nani atamtania? Atazikwa kimya kama mtumishi wa serikali.

Nimewaza hilo siku nzima. Wafiwa wamenuna, hakuna wa kulala mbele ya jeneza na kusema halipiti mpaka marehemu aombe radhi. Sitaki kuzikwa hivyo. Lakini zaidi sitaki yeye azikwe hivyo, na sababu niwe mimi.

Jumapili, 9 Machi

Kanisani nimekaa nyuma. Padri kanitazama, nikatazama dari.

Nimekwenda mpaka stendi, nimerudi. Nimekwenda tena, nimerudi. Mikate ya stendi naijua kwa majina sasa.

Nimefikiri hivi. Kosa nililifanya kwenye spika, watu wote wakasikia. Toba nimeifanya chumbani, akasikia mgonjwa na jogoo. Vipimo haviendi sawa.

Jumatatu, 10 Machi

Saa nne kasoro nimempigia Skolastika. Nikamwambia awashe redio karibu na baba yake, asiseme ni mimi. Akasema, "Baba mdogo, nyie wawili mtaniua."

Nikapiga redioni. Mara tisa iko bize. Mara ya kumi yule binti wa pipi: "Babu, unatuimbia lipi?" Nikasema Korongo. Akaanza kucheka kabla. Nikamwambia mjukuu wangu, ngoja kwanza, leo siyo ya kucheka, utacheka kesho.

Nikasema. Jina langu lote na la babu yangu. Kwamba uchafu ule mnaouimba Mpanda yote niliutunga mimi, nikauimba mimi, Kapalamsenga, mchana kweupe. Kwamba dereva wa lile gari hakuwepo hata kwenye gari, alikuwa anachota maji. Kwamba alifukuzwa kwa mdomo wangu. Kwamba anaitwa Desderi, yuko Kabungu, na hajapata kutokea dereva kama yeye. Landrova alikuwa anaibembeleza kwenye makorongo kama mtoto wa homa. Kwamba hakukuwa na mlevi. Walevi wa Kapalamsenga wanisamehe, nimewasingizia miaka arobaini na kitu.

 Nikasikia pumzi ya binti.

Nikaimba. Wa kwanza. Wa pili. Wa tatu nikauacha mtupu, nikahesabu kwa kidole muda wake kwenye meza, tak tak tak tak. Halafu wa nne.

Nikasema kule katikati kuna maneno, mimi sina. Aliye nayo ni mmoja. Nikakata.

Mama Odilia akaninyang'anya simu. Nyandwi alikuja mbio uani, redio yake ndogo sikioni.  Alikaa kwenye kile kiti nilichokitengeneza. Kikavunjika.

Simu kutoka Kabungu, hakuna.

Jumanne, 11 Machi

Hakuna.

Watoto wa shule wamepita, wameimba Korongo. Wamefika wa tatu wakapiga makofi: tak tak tak tak. Sijui nifurahi au nijifungie ndani.

Simu nimeichaji mara tatu, imejaa mpaka imekuwa ya moto. Jioni Mama Odilia kaiweka juu ya kabati nisiifikie. Nina kiti kimoja tu na kimevunjika.

Jumatano, 12 Machi

Asubuhi jua. Ujumbe umeingia saa mbili, kutoka simu ya Skolastika. Mama Odilia kanisomea, miwani yangu haioni vidogo.

Hakuna salamu. Hakuna hujambo. Hivi tu:

Mama akifua, baba husifiwa.

Na chini yake: Anasema fanya mazoezi. Anasema bado anakulaani.

Nimemwambia asome tena. Amesoma tena. Halafu akasema, kumbe ndiyo maneno yenyewe, afadhali meneja.

Nimetoa shati langu jeupe, lile la misiba. Kola ina doa. Nimechukua beseni, sabuni, nikakaa mwenyewe uani, nikafua. Mama Odilia alisimama mlangoni na ungo wake, akitazama, bila kunisifu.

Nimelianika. Nimeimba yote minne, taratibu, mara moja.

Doa halijatoka lote. Nitarudia kesho.