Lori ya Shemeji Gatobu

Vale, Kanana amehamia nyumba mpya leo na saa hii hataki hata kuguswa.

Alikuwa amepanga hiyo kuhama kama harusi. Kila glasi kwa gazeti, kila kikombe ndani ya soksi. Kisha bwanake akasema ati wasikodi lori, ndugu yake Gatobu ako na yake, atawabebea bure.

Bure, Vale. Hiyo lori ilikuwa imetoka kubeba mbolea ya kuku. Ya KUKU. Gatobu alitandika tu turubai juu ya ile imebaki akapakia godoro. Kanana alikuwa ndani anafunga vitu, hakuona.

Mvua ikawapata Sagana.

Kufika Wang'uru, akina mama wa kanisa wako kwa mlango na chapati, wamekuja kuombea nyumba. Godoro inashushwa ikichuruzika maji ya kahawia. Sofa pia. Kanana alishika mdomo. Mama Phyllis aliomba kwa pumzi moja, "Bwana bariki hapa amina," akarudi nyuma hadi kwa geti.

Na Gatobu ndiye kaka mkubwa wa bwanake, huwezi kumtukana mbele ya watu wa kanisa. Kanana akamwambia, "Asante shemeji."

Unajua alijibu nini? "Hiyo mbolea imebaki kwa lori msiimwage. Ni ya kahawa yangu."

Hakuna glasi hata moja ilivunjika, Vale. Lakini godoro iko nje kwa nyasi, na kuku wa mwenye ploti wamepanda juu wanachakura kama wako kwao.