Bendera Tulizokimbia

Yaya wangu Wabiwa, uliyenitangulia kuzaliwa,

Kwa heshima zote, kofia ikiwa mkononi, natangaza kwamba ubingwa wako wa mchezo wa gari, ule ulioushika miaka yote katika nyumba ya televizyon ya Papa Etabo, pale Baraka, umefutwa. Hakuna rufaa.

Kabla hujakasirika, salamu. Mguu wako iko namna gani? Ziwa linatoa ndagala, ama bavuvi wa Swima bangali banalalamika? Mi niko. Baridi ya huku imenila masikio tu, mengine yamebaki.

Unajua kazi yangu ni kufagia nyumba kubwa ya michezo ya mashine. Juzi walileta sanduku la zamani lenye kioo, wakaliwasha, nikaitambua gari yetu ya bluu, vichochoro vya kupotea, gari nyekundu nyuma, na moshi wa kuzipofusha. Kumbe mchezo ule haufi. Wanautoa tena na tena, mara kwenye simu, mara kwenye kadude ka kuunganisha na televizyon. Rangi mpya, barabara ileile.

Nikaucheza kama ulivyonifundisha. Unakumbuka ulivyonipigia kelele mgongoni?

“Ona bendera ile! Zunguka, we mupumbafu! Unataka bakushushe?”

“Esanse inaisha, yaya, gari itazimika.”

“Iishe! Heri kulala njiani kuliko bariere.”

Kwetu, kamba na bendera barabarani ndiyo bariere, watu wa kukuuliza karatasi. Nani angetuambia vingine? Na ile nambari iliyopanda kila tulipogusa bendera, tulisema ni amande, faini ya kulipa. Wewe ulimaliza esanse ukiwa na sifuri safi. Batoto wote wakakupigia makofi, Papa Etabo akakupa mandazi.

Fundi wa mashine, mzee wa huku, alinitazama mpaka akashindwa kuvumilia.

“Mbona unazikimbia bendera?”

“Kwani wewe ungesimama?”

“Kijana, bendera ndiyo kazi. Unazikusanya zote. Nambari ikipanda, unashinda.”

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Halafu kicheko kikaisha, na ndiyo sababu ya barua hii.

Yaya, nilikuwa nakuambia dosie, yale makaratasi ya kukuita huku, inaendelea. Haikuendelea. Waliniita niweke sahihi kwenye biro moja, ofisi ya wageni, nikafika. Mlangoni bendera kubwa, na watu wawili wenye mavazi ya serikali. Miguu ikazunguka yenyewe. Nikapita nyuma ya jengo, nikarudi, nikazunguka tena. Mara tatu, yaya, muntu mzima mwenye ndevu. Nikaenda nyumbani nikasema kesho. Kesho zikawa nyingi.

Baada ya maneno ya mzee yule nikavaa shati la ibada, nikaingia. Mama wa dirishani alikuwa mpole kabisa.

“Muda wako uliisha. Dosie ya namna hii haifunguliwi mara ya pili.”

Nikamuuliza kama haitatolewa upya, hata kwa rangi nyingine. Hakunielewa.

Basi toa nguo zako kwenye ile valizi uliyofunga ya safari. Najua miaka mitatu hukulima shamba la mama kule Kilembwe, kwa sababu kila mvua nilikuambia “mwaka huu unatoka.” Lima, yaya. Ila usimfukuze yule mama wa Burundi uliyemwachia. Batoto wake wanakula pale. Muombe upande mmoja tu.

Nisalimie mama mudogo anayetuombea kanisani. Hiyo ya safari aiache, aombe mvua. Nisalimie mjomba mvuvi na nyavu zake. Papa Etabo pia, lakini usimwambie habari ya nambari. Atataka mandazi yake.

Wako mdogo, asiyejua bendera,

Wilondja

Nimesahau: jana nilizikusanya zote, hata moja sikukosa. Mashine ikapanga zingine.