Jeraha Lisilo Kwenye Faili Lako

Mpendwa Baba,

Mama bado anapanda maharagwe kwenye tuta lile ulipofia. Majirani hapa Mbooni walimwambia aliache, akawauliza kama watamletea chakula. Mimi ndiye nisiyeweza kulipita. Nikishuka kwenye boda boda nazunguka kwa jirani, na hata huko nakusikia ukipiga mluzi kule chini, kama ulivyofanya ulipotaka nikuletee maji.

Ulirudi kutoka vitani Somalia ukiwa mzima. Ndivyo tulivyosema kanisani, ukiwa umesimama mbele na suti yako ya kijivu, tukakuombea. Miaka miwili baadaye ukaanguka shambani, kichwa kikagonga jiwe. Cheti cha kifo kiliandikwa kifafa. Watu nao wakasema lao: pombe. Wewe, ambaye hata ya harusini hukuionja!

Basi nikaanza kuuliza. Ofisi ya pensheni ikanijibu kwamba faili lako halina jeraha lolote. Daktari aliyesoma karatasi zako za hospitali akavua miwani.

"Mlipuko unaweza kuumiza ubongo bila damu kutoka," alisema. "Lakini kama hakuna aliyeandika kwamba alilipuliwa, mimi nitaanzia wapi?"

Nikamtafuta Mutua, mwenzako mliyepanda naye lori moja huko vitani. Yuko Kibwezi, analima bamia kando ya mto. Alinikaribisha kwa furaha mpaka nilipotaja lori. Akafunga maji ya mfereji, akakaa chini pale pale kwenye matope.

"Bomu lilikuwa limezikwa barabarani. Babako alirushwa nje, nikadhani amekufa. Alipoamka aliniuliza jina langu. Mara tatu. Mimi, niliyelala naye hema moja."

"Mbona haikuandikwa?"

"Angerudishwa nyumbani, na tulikuwa tumebaki wachache. Akaniapisha. 'Mutua, usimwambie mtu.'"

Maneno hayo nayajua, Baba. Uliniambia hayo hayo nilipokuja likizo kutoka chuoni, nikakukuta nyuma ya zizi umelala, povu mdomoni, miguu ikipiga udongo. Ulipopata fahamu ulinishika mkono. "Usimwambie mamako. Atakosa usingizi." Nikanyamaza. Miezi minne baadaye tukakuzika.

Mutua ameandika ushahidi wake na kutia sahihi. Ofisi ikaupokea, ikajibu kwamba haiwezi kuthibitishwa kuwa kifo kilitokana na kazi. Nimekata rufaa. Huenda wakakubali, huenda wasikubali. Sijui.

Lakini Jumapili iliyopita, tulipotoka kanisani, nilishindwa kuendelea kuficha. Nilimfuata Mama jikoni nikamwambia yote: bomu, povu, kunyamaza kwangu. Nikangoja anifukuze. Aliendelea kuchambua maharagwe kwenye ungo.

"Mbele yangu alianguka mara mbili," alisema. "Aliniambia nisikuambie wewe. Eti ungeacha masomo."

Tulikaa hapo mpaka moto ukazimika, na hakuna aliyeinuka kuuwasha.

Pumzika, Baba. Sisi ndio kwanza tumeanza kusema.

Ni mimi,
binti yako wa pekee